Baiskeli ya Bosi Isiwe Mnyororo wa Mfanyakazi



Leo siandiki kuhusu Katiba Mpya wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu baiskeli. Najua wapo watakaosema dada yetu kaishiwa mada. Subirini kidogo. Kwenye hii baiskeli kuna mishahara ya watu, kuna sheria iliyopo ambayo haifuatwi, na kuna sheria isiyokuwepo ambayo sisi vijana ndio tunapaswa kuidai.

Huku kwetu Chato kuna waajiri wanaowakopesha wafanyakazi baiskeli za kwendea kazini. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Bosi ananunua baiskeli kwa jumla, anazigawa, halafu kila mwisho wa mwezi anakata kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka deni liishe. Kwa mtu ambaye hawezi kushika laki mbili na nusu kwa mkupuo, hilo ni jambo zuri. Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: mimi naunga mkono mfanyakazi kukopeshwa baiskeli na mwajiri wake. Ninachopinga ni namna linavyofanyika gizani.

Kwanza tuelewane kwa nini baiskeli ni suala la mshahara. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 148,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi. Chukua mlinzi wa namna hiyo anayekaa kijijini na kulinda mjini. Bodaboda akimtoza 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 104,000. Anabakiwa na 44,000 ya unga, ada, dawa na vocha. Kwa hiyo hapandi bodaboda. Anatembea. Baiskeli kwa mtu huyo ni kama kuongezwa mshahara bila bosi kuongeza hata senti, na ni kurudishiwa saa mbili au tatu za usingizi kila siku.

Sisi watu wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa thamani ya baiskeli. Shinyanga abiria alipanda baiskeli na kuiita daladala. Pamba imebebwa kwa baiskeli, maji yamebebwa kwa baiskeli, wagonjwa wamefika zahanati wakiwa wamekaa kwenye keria. Usukumani mbio za baiskeli ni sherehe ya watu wazima. Kwa hiyo mwajiri akisema "njoo nikukopeshe baiskeli", hakuna anayeuliza maswali mengi.

Na hapo ndipo shida inapoanza.

Mjomba wangu ni mlinzi wa usiku. Mwajiri wake simtaji, maana lengo langu hapa ni utaratibu, na pia mjomba bado anatafuta kazi mji huu huu. Alipewa baiskeli aina ambayo madukani Buseresere ilikuwa inauzwa 260,000. Akaanza kukatwa 35,000 kila mwezi, kwa miezi 12. Piga hesabu: 420,000. Mwezi wa tisa mkataba wake wa kazi ukaisha na haukuongezwa. Alikuwa ameshakatwa 315,000, yaani amelipa bei ya dukani na 55,000 juu yake. Siku ya kukabidhi sare akaambiwa aiache na baiskeli getini, kwa sababu "deni halijaisha".

Nikamuuliza, "Mjomba, karatasi ya makubaliano iko wapi?"

"Karatasi gani tena mwanangu? Bosi alituita, tukachagua rangi."

Nikamwambia tuandike barua. Akakataa. "Wewe utarudi chuo. Mimi nitaomba kazi wapi nikishajulikana ni mtu wa kesi?"

Sikumlaumu. Lakini nilifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, na naomba kila kijana anayesoma hapa aishike sehemu hii, maana iko siku ndugu yako ataihitaji.

Kifungu cha 28 kinasema mwajiri haruhusiwi kukata mshahara isipokuwa kama makato yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora za kazi, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Kwa maandishi. Kuchagua rangi sio maandishi. Kifungu hicho hicho kinasema makubaliano ya makato kwa ajili ya bidhaa aliyonunua mfanyakazi lazima yataje aina na idadi ya bidhaa hiyo. Na kifungu cha 27 kinataka malipo ya mshahara yaambatane na maelezo ya maandishi, ile tunayoiita salari slipu. Ukiona mtu anapokea hela mkononi na kuambiwa "nimeshatoa ya baiskeli", ujue hapo sheria imevunjwa zaidi ya mara moja.

Na muda hausubiri. Mgogoro wa makato unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60. Wa kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30. Watu wengi wanakuja kuuliza baada ya miezi sita, wakati mlango umeshafungwa na inabidi waanze kuomba kwanza waongezewe muda.

Sasa tazama tundu lililopo. Sharti lile la bidhaa linataja aina na idadi. Bei halikuitaja. Yaani bosi mjanja anaweza kuandika "baiskeli moja, ya watu wazima", mfanyakazi akasaini, na bado akauziwa kitu cha 260,000 kwa 420,000. Pia kifungu hicho hakisemi waziwazi baiskeli ni ya nani siku mfanyakazi anapoondoka katikati ya deni. Mtumishi wa umma angalau ana ile kanuni kwamba makato yote yakishatoka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Mlinzi wa kampuni binafsi anategemea huruma ya bosi.

Wapo watakaosema tuige wenzetu. Uingereza wana mpango wa baiskeli za kwendea kazini tangu mwaka 1999, uliowekwa na sheria yao ya fedha ya mwaka huo. Mwajiri ananunua baiskeli na kumpa mfanyakazi aitumie, mfanyakazi anakubali kupunguziwa mshahara kabla ya kodi, na kwa hiyo kodi anayolipa inapungua. Umepita zaidi ya robo karne na bado wanao. Lakini una kasoro ambayo wao wenyewe wanaijua: mshahara ukishapunguzwa hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini. Sharti hilo liliwekwa kumlinda mfanyakazi. Matokeo yake anayelipwa kima cha chini, ambaye ndiye anaihitaji baiskeli kuliko wote, anabaki nje ya mpango. Wenye mishahara minono ndio wanaofaidi.

Tukiuleta kwetu neno kwa neno itakuwa mbaya zaidi. Kwetu mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Mlinzi wa 148,000 halipi kodi hiyo, sasa utampa nafuu ipi? Afisa wa mgodini atapata baiskeli ya mazoezi ya Jumapili kwa punguzo, na mjomba ataendelea na ndala zake.

Kwa hiyo naweka mezani mambo manne, na naomba jumuiya yetu ya vijana iyabebe mpaka yaingie kwenye ilani.

Moja, kifungu cha 28 kirekebishwe ili makubaliano ya bidhaa yataje bei, kiasi cha makato na idadi ya miezi. Bei isizidi ile aliyonunulia mwajiri pamoja na gharama halisi ya usafiri. Nakala moja abaki nayo mfanyakazi, na iwe kwa Kiswahili.

Mbili, sheria iseme baiskeli ni mali ya mfanyakazi tangu siku anayokabidhiwa. Akiondoka kazini, mwajiri anadai salio la deni kama mdai mwingine yeyote. Kunyang'anya baiskeli getini na kubaki na fedha zote zilizokatwa kuwe ni kosa.

Tatu, kwa wanaolipwa kima cha chini, mwajiri achangie sehemu ya bei. Mfanyakazi anayefika kwa wakati bila kuchoka ni faida ya bosi pia. Mchango huo utambuliwe waziwazi kama gharama ya biashara wakati wa kukokotoa kodi yake, ili asiwe na kisingizio.

Nne, nafuu ya kodi iwekwe kwenye bei yenyewe: ushuru na kodi zinazoingia kwenye baiskeli, tairi, tyubu, cheni na spoku. Hapo ndipo maskini anapolipia kodi hata kama mshahara wake haukatwi.

Kuna watakaosema tukiwabana waajiri wataacha kukopesha. Nimelifikiria hilo. Mwajiri mwenye nia njema hapotezi kitu kwa kuandika bei kwenye karatasi. Atakayeacha ni yule aliyekuwa anafanya biashara ya kuuza baiskeli kwa watu wasioweza kukataa, na huyo akiacha, mfanyakazi hajapoteza rafiki.

Wilaya yetu ina uwanja wa ndege. Ina hospitali ya rufaa ya kanda. Sina ugomvi na maendeleo ya kwetu, na sitaki kusikia mtu akiicheka Chato. Ila maendeleo yapimwe pia kwa jinsi mlinzi anavyofika lindoni, mpishi wa shule anavyofika jikoni saa kumi na moja alfajiri, na mama wa mwaloni anavyorudi nyumbani usiku.

Hatuna haja ya kusubiri uchaguzi ili tuanze. Kila tawi litafute angalau kijana mmoja anayeweza kusoma mkataba. Jumapili moja kwa mwezi akae chini ya mti, watu walete karatasi zao, au waje waseme hawakupewa karatasi yoyote. Tuandike majina ya vifungu, tuhesabu siku 60, tuwasindikize CMA wanaotaka kwenda. Na wale wanaoogopa kama mjomba, tusiwasukume. Tukusanye malalamiko yao bila majina, tuwape wabunge na madiwani wetu wayasemee, maana mtu mmoja akilalamika anaitwa mtu wa kesi, lakini watu mia wakilalamika linakuwa suala la taifa.

Ukiitwa kesho kuchagua rangi, dai karatasi kwanza.

Mapambano yanaendelea.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na mwanachama wa jumuiya ya vijana, Chato.