DAWA ZA DAIMA ZISIWE ADHABU YA KILA MWEZI

Wako wagonjwa wa namna mbili wanaofika katika zahanati na hospitali zetu hapa Tanzania. Wa kwanza ni yule aliyeshikwa na homa jana. Huja, hupimwa, hupewa dawa, na akijaliwa kupona haonekani tena mpaka maradhi mengine yamfike. Wa pili ni yule mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa au pumu. Huyu hana siku ya kumaliza dozi. Atatumia dawa leo, kesho na mwaka ujao, na pengine maisha yake yote. Hata hivyo, katika vituo vingi wagonjwa hawa wawili huwekwa katika mstari mmoja na kutendewa kana kwamba haja yao ni moja. Sisi twaona kwamba jambo hili si sawa, na kwamba kulirekebisha si kazi ngumu.

Tuchukue mfano wa mama mzee wa kijijini ambaye shinikizo lake limetulia kwa kidonge kimoja cha amlodipini kila siku. Kila mwezi hana budi kuamka alfajiri, atafute nauli ya pikipiki au aende kwa miguu, angoje kuandikishwa, angoje kupimwa, angoje kuandikiwa cheti kile kile alichoandikiwa mwezi uliopita, kisha ahamie dirisha la dawa. Siku nyingine hufika dirishani jua likiwa la utosi, akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani. Mfukoni ana nauli ya kurudia tu. Basi hununua vidonge vitano, na moyoni huazimia kumeza kimoja kila baada ya siku mbili ili vimfikishe mbali.

Hapo ndipo hatari ilipo. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu huweza kujiona mzima siku zote alizokosa dawa, kumbe mishipa yake inaumia. Na siku atakapoangushwa na kiharusi, nyumba nzima huanguka pamoja naye. Wala wenye maradhi haya si wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 1,280,000,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na theluthi mbili yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwaahidi wazee wasio na uwezo matibabu bila malipo. Ahadi hiyo ni njema, nasi twaiheshimu. Lakini dawa ya bure inayodai safari kumi na mbili kila mwaka si ya bure kwa mtu asiye na nauli.

Wako watakaosema kwamba mgonjwa lazima aonekane kila mwezi ili hali yake ijulikane. Neno hilo ni kweli kwa mgonjwa mpya, na kwa yule aliyebadilishiwa dawa. Kwa yule aliyetulia si kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri kwamba mgonjwa ambaye shinikizo lake limekwisha dhibitiwa aonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Mganga akiwapunguzia njia wale waliotulia, atapata nafasi ya kumtazama vyema yule ambaye hajatulia.

Wengine watasema kwamba dawa hazitoshi, na kwamba tukimpa mmoja za miezi mitatu wenzake watakosa. Hoja hii ina uzito, nayo yastahili kujibiwa kwa hesabu. Mgonjwa anayemeza kidonge kimoja kwa siku atameza vidonge 365 kwa mwaka, apewe kwa mafungu kumi na mawili au kwa mafungu manne. Matumizi hayaongezeki. Kinachohitajika ni akiba ya kuanzia. Tuseme zahanati ina wagonjwa 200 wa aina hii. Mwezi wa kwanza, theluthi moja wapewe dawa za mwezi mmoja, theluthi ya pili za miezi miwili, na theluthi ya tatu za miezi mitatu. Zitatoka dawa za miezi miwili badala ya mmoja, na basi. Tangu hapo kila mwezi wataitwa wagonjwa 67 hivi tu, kila mmoja achukue za miezi mitatu. Dawa zitakazotoka zitakuwa sawa na zile za zamani, ila mstari utakuwa umepungua hadi theluthi moja.

Tena hesabu hiyo ina faida nyingine. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, haiwezi kujua mahitaji ya kijiji kama kijiji chenyewe hakijui. Mganga mfawidhi mwenye daftari la wagonjwa wake wa daima ataagiza kwa idadi ya watu, wala hataagiza kwa kubahatisha.

Wala hatuombi muujiza. Katika nchi hii hii, wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine za miezi sita. Huko Uingereza nako, mgonjwa wa namna hii hupeleka ombi lake kwa daktari, daktari huliidhinisha, naye huchukua dawa katika duka alilolichagua, bila kuonana na daktari kila mara. Ila huitwa kwa wakati wake ili dawa zake zichunguzwe upya. Hatusemi tuige kila kitu cha wengine. Twasema tu kwamba lililowezekana kwa maradhi moja halishindikani kwa mengine. Bila shaka yapo ya kuangaliwa: insulini, kwa mfano, hutaka mahali pa ubaridi, na si kila nyumba inapo.

Kwa hiyo twawaomba waganga wafawidhi waanze na mambo matatu: daftari la wagonjwa wa daima, tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ya kila mmoja, na dawa zilizofungwa tayari kabla ya siku hiyo. Aliyelala kitandani aruhusiwe kumtuma jamaa yake. Halmashauri za wilaya nazo zitenge fedha za ile akiba ya mwezi mmoja.

Wagonjwa nao wana wajibu wao. Asingoje mtu kidonge cha mwisho ndipo aanze safari. Asimgawie jirani dawa zake, wala asiziache kwa kuwa amejiona mzima; uzima huo ni kazi ya dawa. Na akiona dalili mpya, aende mara moja bila kungoja tarehe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni vile vidonge vichache vinavyokosekana kati ya mwezi na mwezi. Na tuuzibe sasa.