Nyumba inapouzwa na wapangaji wangali ndani: mnunuzi wa Kampala anarithi nini?

Mjini Kampala si ajabu nyumba kuuzwa bila wanaoishi ndani yake kuambiwa. Mpangaji hupata habari siku anapomwona mtu asiyemjua uani, akifuatana na dalali na mwenyekiti wa LC1, akitazama paa na kuulizia choo. Baada ya siku chache hutolewa neno: mwenye nyumba amebadilika, na huyu mpya anavitaka vyumba vikiwa vitupu kabla ya mwisho wa mwezi.

Je, ana haki ya kuvitaka hivyo? Jibu hutegemea mpangaji huyo ni wa aina gani, kwa kuwa nchini Uganda neno hilo moja hufunika watu wa namna mbili ambao sheria zao hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni yule anayelipa kodi ya chumba au nyumba kila mwezi, wakiwamo maelfu wanaoishi katika vyumba vya safu ambavyo wakazi wa Kampala huviita mizigo. Huyu analindwa na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Bunge liliupitisha muswada wake kwa mara ya kwanza mwaka 2019, Rais Yoweri Museveni akaurudisha, ukapitishwa tena na kutiwa saini mwaka 2022. Sheria hiyo inakataza kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. Kufunga mlango kwa kufuli jipya au kung'oa mabati ili mtu aondoke mwenyewe ni mambo yaliyozoeleka, lakini hayana msingi wa kisheria, na hati ya mauzo haiyahalalishi.

Mnunuzi hushika nafasi ya muuzaji, hakuna zaidi. Kama mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja na imebaki miezi saba, miezi hiyo anaikuta na lazima aiheshimu. Kama upangaji ulikuwa wa mwezi hadi mwezi, anaweza kuusitisha kwa notisi, kama ambavyo muuzaji naye angeweza. Kununua hakumpi njia ya mkato.

Ugomvi mkubwa zaidi katika nyumba za aina hii huwa juu ya amana. Mpangaji alimkabidhi mwenye nyumba wa zamani fedha za dhamana, pengine na kodi ya miezi mitatu mbele. Mwenye nyumba huyo amechukua bei yake na kwenda zake. Mpya anasema hakuona hata shilingi. Stakabadhi hakuna. Mnunuzi mwangalifu huwauliza wapangaji mmoja mmoja wamelipa hadi lini, akakata jumla hiyo katika bei kabla ya kutia saini. Wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa muuzaji huwasihi wasizungumze na wapangaji "wasije wakaleta fujo". Ombi la namna hiyo lingetosha kumtia mnunuzi mashaka.

Mpangaji wa aina ya pili ni mzito zaidi, na ndiye anayewafilisi wanunuzi. Huyu ni mwenye kibanja: mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Mizizi ya jambo hili ni Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, ambao uligawa maili za mraba 8,000 za Buganda kwa machifu na watu binafsi, huku wakulima waliokuwa wakiishi humo wakigeuka wapangaji kwa siku moja. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliwapa kinga dhidi ya kufukuzwa. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 ikaifuta kinga hiyo. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zikairudisha kwa sura mpya, zikimtambua pia aliyekuwa ameikalia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo.

Marekebisho ya mwaka 2010 yaliondoa utata uliobaki. Mabadiliko ya umiliki, yawe kwa mauzo, zawadi au urithi, hayagusi haki za mkazi halali, na mmiliki mpya analazimika kuziheshimu. Mkazi huyo anaweza kuondolewa kwa sababu moja tu, nayo ni kutolipa busuulu, yaani kodi ndogo ya ardhi ya kila mwaka, tena kwa amri ya mahakama. Aidha, mwenye hati anayetaka kuuza anatakiwa ampe kwanza mwenye kibanja nafasi ya kununua. Mwenye kibanja naye, akitaka kuuza, anapaswa kuanza kwa mwenye hati.

Hapo ndipo hesabu za wanunuzi huharibika. Wengi huamini kwamba hati safi kutoka kwa msajili wa ardhi inamaliza kila kitu. Ni kweli kwamba mfumo wa Uganda huipa hati nguvu kubwa, lakini sheria hiyohiyo ya usajili inasema kuwa ardhi hubaki na haki za mpangaji aliyemo hata kama hazikuandikwa katika hati. Katika miaka ya 1990 Mahakama ya Juu, katika shauri lililohusu shirika la posta na simu, ilikwenda mbali zaidi: anayenunua ardhi akijua inakaliwa na mtu asiye muuzaji, bila kumuuliza mkazi huyo anaishi hapo kwa haki gani, anaweza kuhesabiwa kuwa ametenda ulaghai. Na ulaghai ndio unaoivunja hati.

Kwa maneno mengine, kutouliza hakumlindi mnunuzi, bali humpokonya ulinzi. Barua ya LC1 haitoshi kuziba pengo hilo, kwa kuwa mwenyekiti hushuhudia mauzo lakini hana mamlaka ya kufuta haki ya mkazi. Lililo la muhimu pia ni ridhaa ya mke au mume wa muuzaji pale inapouzwa nyumba ambamo familia inaishi. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili.

Nchi jirani si mfano bora. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi inahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho Nairobi ni vigumu kukipata.

Hata hivyo, ulinzi wa Uganda una udhaifu wake. Mahakama ni ghali na huchelewa, ilhali vijana wa kukodiwa wenye nyundo hufika asubuhi moja. Februari 2022 Rais Museveni aliagiza kwamba mtu asiondolewe katika ardhi bila idhini ya kamati ya usalama ya wilaya. Agizo hilo lenyewe linaonyesha jinsi amri za mahakama zilivyokuwa zikitumiwa vibaya au kughushiwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Nsambya, Katwe au Makindye, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, kuna mambo mawili ya ziada. Mgeni asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo. Anaweza tu kupata ukodishaji usiozidi miaka 99, hivyo anayeuziwa "kibanja chenye hati" na dalali ananunua matatizo. La pili ni lugha. Karatasi za kuhama au kukubali fidia huandikwa kwa Kiingereza au Kiganda, na mpangaji huambiwa atie saini papo hapo. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma inamhesabu pia katika kundi hilo mtu aliyesoma lakini asiyeielewa lugha ya waraka ulioko mbele yake. Anayemwandikia waraka mtu wa namna hiyo analazimika kuandika juu yake jina na anwani yake kamili, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kuwa amemsomea na kumweleza. Karatasi isiyo na jina la mwandishi wake inaweza kupingwa mahakamani, hata kama saini ya mpangaji ipo.