Kijana, ukianza au ukirudia ARV, uliza CD4 yako

Ukiuliza vijana wa rika letu kuhusu HIV, wengi watakutajia mambo mawili: pimwa, kisha meza dawa hadi virusi visionekane kwenye damu. Poa sana. Lakini kuna namba moja ambayo wazazi wetu waliijua vizuri, na sisi tumeiacha ipotee. Hiyo namba ni CD4. Mimi si daktari, hata chuo niliacha njiani, lakini nasema hivi: kuitupa namba hii ni kucheza na maisha ya watu.

CD4 ni protini inayokaa juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu, zile zinazoamrisha jeshi la mwili. Kazi yake ni kupokea ujumbe. Tatizo ni kwamba HIV huitumia kama mlango wa kuingilia, jambo ambalo wanasayansi walilionyesha mwaka 1984. Kirusi kikiingia, seli hizo hufa na jeshi hubaki bila makamanda.

Sasa, utazihesabuje? Kwa hadubini zinafanana na wenzake. Hapo ndipo maabara hutumia kingamwili kilichotengenezwa kushika CD4 tu, na kupakwa rangi inayong'aa. Damu yako huchanganywa nacho, seli hupita moja moja mbele ya mwale wa leza, na mashine huhesabu zinazowaka. Usichanganye na kile kipimo cha HIV tunachokijua wote. Kile hutafuta kingamwili ambazo mwili wako umejitengenezea.

Njia ya kupata kingamwili kama hiki ilivumbuliwa na César Milstein na Georges Köhler huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaana. Wakapata kiwanda kisichofungwa. Mwaka 1984 wakawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Ukishuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kwamba ugonjwa umekomaa.

Kwa nini basi tuliisahau? Zamani hukupewa ARV mpaka CD4 ishuke. Mwongozo wa WHO wa 2010 ulisema 350, ule wa 2013 ukasema 500. Mwaka 2015 ikaamuliwa kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, na Kenya ikafuata 2016. Uamuzi safi kabisa. Ila watu wakaelewa vibaya, wakadhani CD4 haina kazi tena.

Ina kazi, tena kubwa. Kipimo cha wingi wa virusi kinakuambia kama dawa inafanya kazi. CD4 inakuambia umebaki na askari wangapi. Msee anaweza kuwa chini ya 200 na bado anaonekana fiti, anapiga kazi na kuposti picha, kumbe kifua kikuu au kuvu wanaoshambulia utando wa ubongo wameshabisha hodi. Mtu kama huyo anafaa kuchunguzwa magonjwa hayo hata kama haumwi popote. Kuvu hao wakipatikana kwenye ubongo, hata siku ya kuanza ARV husogezwa mbele. Bila namba, mhudumu wa kliniki atajuaje?

Wapo watakaosema pesa ni kidogo, hasa baada ya Marekani kusitisha misaada mapema 2025. Ni kweli. Lakini hakuna anayeomba kila mtu apimwe CD4 kila mwezi. Kuna watu ambao hawafai kukosa: anayeanza dawa, anayerudi baada ya kuziacha, na ambaye virusi vyake vimepanda tena. Na sisi vijana tumejaa hapo kwa waliorudi. Kuna aliyeficha dawa bwenini, kuna aliyehamia mji mwingine kutafuta kibarua, kuna aliyeogopa mpenzi wake aone mkebe.

Kwa serikali ya kitaifa na za kaunti: mashine bila kingamwili ni fanicha tu, na kingamwili hicho hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Nunueni kwa wakati, na friji iwe na stima. Pale zahanati isipoweza kuwa na mashine, kuna kipimo kidogo cha kudunga kidole kinachoonyesha kama uko juu au chini ya 200. Kisambazwe mashinani.

Nawe unayesoma, ukianza dawa au ukizirudia, usitoke kliniki bila kuuliza: "Daktari, CD4 yangu ni ngapi?" Si ujuaji. Ni haki yako.