Kuku wa Mnyonge na Haki ya Kinga



Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama ng'ombe ni mali ya mzee wa mji, lakini kuku ndio akiba ya mama. Kwa kuku hupatikana daftari, chumvi, na nauli ya kumfikisha mtoto zahanati. Anayekidharau kifo cha kuku huidharau riziki ya mama huyo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba kuku si jambo la haki, hatukubaliani nao.

Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo huko Bariadi, kwa jirani zetu wa Simiyu, na kuahidi kwamba kuku wa asili watachanjwa bila malipo. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini sifa isitufunge vinywa. Chanjo kuu ya kuku wa vijijini ni ile ya mdondo, au kideri, ugonjwa wa virusi uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima. Chanjo hiyo haizuii kuhara damu, ambako wataalamu hukuita koksidiosisi, kwa maana huko huletwa na vimelea vya utumbo.

Mama asipoelezwa tofauti hiyo, nini hutokea? Kuku wake huchanjwa. Baada ya majuma machache vifaranga hujikunyata, mabawa hulegea, kinyesi huwa na damu, nao hufa. Mama huamua kuwa chanjo ni uongo. Safari ijayo huwaficha kuku wake. Mdondo huingia, na banda hubaki tupu. Ndipo wakubwa husema kuwa wanavijiji ni wabishi. Sivyo! Aliyechanja bila kueleza anachanjia nini ameacha nusu ya kazi yake.

Wengine watauliza: je, kuhara damu hakuna chanjo? Ipo, na Marekani imeuzwa tangu mwaka 1952. Lakini tutazame imetengenezwa kwa ajili ya nani. Ni vimelea hai, wanaopewa vifaranga wakiwa wachanga ili miili yao ijifunze kujikinga. Yataka jokofu. Kwa kawaida hufungashwa dozi elfu moja au zaidi. Tena, kifaranga akipewa dawa ya kuzuia vimelea katika chakula au maji, chanjo hiyo huharibika. Mwenye mitetea sita kule Butiama ataifanyia nini chupa ya vifaranga elfu? Elimu imepatikana, lakini vazi limeshonwa kwa kipimo cha tajiri. Mnyonge huachiwa unga uliofungwa katika karatasi, usio na jina wala tarehe, na kuambiwa kuwa ni "chanjo".

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila achanjaye aseme waziwazi, kwa lugha ya wenyeji, ni ugonjwa gani unaokingwa na ni upi usiokingwa. Pili, wauzaji wa dawa za mifugo wasiite chanjo kitu kisicho chanjo, na wakaguzi wafike hata magulioni. Tatu, watafiti wetu waifikirie chupa ndogo ya mfugaji mdogo. Jambo hili si ndoto: Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza chanjo ya mdondo inayostahimili joto kuliko zile za zamani, nayo hutiwa tone moja tu jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lililowezekana kwa mdondo lisiitwe muhali kwa kuhara damu.

Nasi tusikae tukingoja. Vimelea hao hutoka na kinyesi, na penye unyevu na joto huweza kuwa tayari kuambukiza kwa siku moja au mbili tu. Basi tufagie banda mara kwa mara, tubadilishe maranda yaliyolowa, tuinue vyombo vya maji visichafuliwe, na tuwatenge vifaranga na kuku wakubwa, hasa wakati wa mvua. Kazi hiyo yahitaji ufagio na bidii kuliko fedha.

Lakini ufagio wa mama usiwe kisingizio cha wenye dhamana. Yeye atimize wajibu wake bandani, nao watimize wao ofisini. Mlipa kodi mwenye kuku watano ni raia sawasawa na mwenye kuku elfu tano, naye astahili kuambiwa kweli.