Tunduma ni bandari

Jioni ikiingia Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na foleni ya malori haijasogea, utingo huinama kando ya tela, akapuliza jiko la mkaa na kubandika sufuria ya ugali. Muulize mzigo umetoka wapi, atakujibu kwa neno moja: bandarini. Anamaanisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 nyuma yake.

Neno lenyewe limetoka mbali zaidi. Ni la Kiajemi, bandar, na Iran hadi leo ina Bandar Abbas kusini na Bandar Anzali kwenye Bahari ya Kaspi. Mwirani akitamka "bandari", karibu sawa kabisa na sisi, anamaanisha kitu cha bandarini, na hasa muziki wa pwani ya kusini, ambao vizazi vya Waafrika waliofikishwa Ghuba wameutia mapigo yao ya ngoma. Gujarat, India, nako kuna Porbandar, alikozaliwa Mahatma Gandhi mwaka 1869.

Wapo wanaokunja uso wakisikia "bandari kavu". Bandari, wanasema, ni mahali chombo hutia nanga (na nanga nayo ni ya Kiajemi, langar). Hoja hiyo inaeleweka, lakini safari ya neno inaikataa. Kwa Kimalei bandar ni mji tu, uwe na bahari au usiwe nayo. Ndiyo maana mji mkuu wa Brunei unaitwa Bandar Seri Begawan. Kwa Wamisri bandar ni mji, tofauti na kijiji. Waindonesia wameliunga na udara, yaani hewa, wakapata bandara: uwanja wa ndege. Na Bender, mji wa ngome huko Moldova, uko kando ya mto Dniester.

Sisi wenyewe tulishaliondoa neno kwenye maji ya chumvi. Kigoma ni bandari ya ziwa. Isaka, mkoani Shinyanga, ni bandari kavu isiyo na hata ziwa.

Basi Tunduma inapungukiwa nini? Shaba ya Zambia na Kongo inapita hapo ikishuka pwani, mafuta na makontena yanapanda. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, inapita hapo hapo tangu miaka ya 1970. Tangu Oktoba 2019 maofisa wa Tanzania na Zambia wanahudumia mizigo katika kituo cha pamoja. Mzigo unapokewa, unakaguliwa, unalipiwa, unaachiwa. Hiyo ni kazi ya bandari, na Tunduma inaifanya usiku na mchana.

Jina lina uzito wake. Mji ukiitwa "mpakani" tu, hupangwa kama mahali pa kusimamisha watu na kuwakagua. Ukiitwa bandari, yanakuja maswali mengine: malori yaegeshwe wapi, dereva aoge wapi, vyoo viko wapi, nani anawasha taa usiku. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, ungefanya vyema kuliandika neno hilo kwenye mipango yake ya ardhi, bila "kavu" na bila kuomba radhi.

Maana utingo bado anasonga ugali wake ukingoni mwa lami, akiukinga na vumbi kwa kipande cha boksi, na maji ya kunawa ameyanunua kwa dumu.