Mgeni wa Wikendi, Lipa Sahani ya Mama

BENI – Kila Jumamosi magari na pikipiki zinashuka kutoka Butembo, kilometa 54 hivi kwa barabara ya taifa namba 2, zikileta wageni wa wikendi: wafanyabiashara, watu wa arusi, vijana wa kutembea tu. Beni ni mji mdogo kuliko Butembo, na unawapokea vizuri.

Saa ya kula ikifika, ndipo aibu inaonekana. Mgeni anayelipa dola hotelini kwa kuku na viazi vya kukaanga, bila kuuliza bei, ndiye anayefika kwa mama anayepika kando ya barabara na kubishana juu ya franka 500. « Mama, punguza. Sombe ni majani tu. »

Majani hayo yametwangwa na kupikwa kwa muda mrefu. Makala yamenunuliwa, mawese yamenunuliwa, na kodi ya soko inadaiwa hata siku ambayo hakuna mteja. Tena, wengi wa akina mama hao walikuwa na mashamba yao upande wa Mbau, Oicha na Eringeti. Walivuna muhogo, mchele, kakao. Tangu mauaji yalipoanza mwezi wa kumi 2014, familia nyingi zimeyaacha mashamba. Aliyekuwa akichuma sombe nyuma ya nyumba yake leo anainunua soko la Kilokwa, kifungu kwa kifungu. Franka 500 anazonyimwa zingenunua sabuni au daftari la mtoto.

Wengine wanajibu: tunaogopa uchafu. Neno hilo lina uzito hapa. Ebola ilitangazwa Mangina mwezi wa nane 2018 ikaisha mwezi wa sita 2020, na Beni ililia sana. Basi omba maji na sabuni, angalia kama chakula kimefunikwa na kiko moto. Ukiona uchafu, ondoka, ni haki yako. Lakini usile ukashiba, halafu ndipo utaje uchafu ili upunguziwe bei.

Wengine wanasema hoteli nazo zinaajiri watu. Ni kweli, na hakuna anayetaka zifungwe. Kinachokataliwa ni mizani miwili: heshima kwa mwenye kitambaa mezani, dharau kwa mwenye jiko la makala.

Wakubwa wa mji nao wasikie. Anayechukua kodi ya kila siku atoe risiti, na pesa hiyo ionekane kwenye bomba la maji na choo karibu na wapishi. Huwezi kumtoza mama kila asubuhi, kisha jioni umlaumu kwamba hana maji.

Kwa hiyo mgeni, uliza bei kabla ya kukaa. Ukiikubali, ilipe yote papo hapo. « Nitapita kesho » si malipo wakati gari lako linapanda Butembo Jumapili. Na huyo aliyekupikia ana jina. Kama hulijui, mwite mama, usimwite « deplase ».