Ile franga ya mwaka 1943



Mwezi uliopita, kisha ibada, kijana mumoja alinivuta pembeni nyuma ya kanisa. Akafungua kitambaa, akanionyesha franga ya chuma ya njano yenye pembe sita, na tembo upande mumoja, na mwaka 1943. Aliikuta katika sanduku la kambo yake. Muntu mumoja wa mujini alimuambia kwamba franga za shaba za mwaka ule zinauzwa kule Marekani kwa dola 200.000, na kwamba yeye anajua njia ya kuzifikisha. Lakini kwanza kijana alete dola 50 za makaratasi. Alikuwa amekwisha kukusanya 35. Akaniuliza: «Baba, ni kweli ao ni bongo?»

Nikamujibu: ni kweli nusu, na ile nusu ndiyo inakamata watu.

Sikieni habari yenyewe. Mwaka 1943 vita ilikuwa kali, na shaba ilitakiwa kwa risasi na nyuzi za umeme. Wamarekani wakaacha kutengeneza senti yao kwa shaba; wakaitengeneza kwa chuma kilichopakwa zinki. Zilitoka zaidi ya milioni 1.000. Lakini inafikiriwa kwamba ndani ya masanduku ya kiwanda kulibakia viduara vichache vya shaba vya mwaka wa nyuma. Vikapita katika mashini pamoja na vingine, vikapigwa muhuri wa 1943, vikaingia sokoni. Kosa la kiwanda, basi. Zinazojulikana leo ni kama 20 hivi.

Moja yao ilianguka katika mukono wa mutoto wa masomo, Don Lutes, miaka 16, katika muji wa Pittsfield. Mwaka 1947 alinunua chakula pale masomoni, na katika franga walizomurudishia akaona senti moja nyekundu ya mwaka 1943. Siku zile watu walikuwa wanasema kwamba Henry Ford anatoa motokari mupya kwa mwenye kuleta senti ya namna ile. Kijana akauliza kampuni: hapana, si kweli. Akaandikia serikali, nayo ikajibu kwamba mwaka ule hakukutengenezwa hata senti moja ya shaba. Angalieni vile: hata wenye mashini walikana kosa lao! Yeye akaiweka tu, zaidi ya miaka 70. Alikufa mwaka 2018. Katika Januari 2019 ile senti ikauzwa kwa munada dola 204.000, na feza akaziachia maktaba ya muji wake.

Basi zile dola si bongo. Lakini ile ni senti ya Marekani, ya duara, yenye kichwa cha Lincoln. Ya kijana wetu ni franga mbili za Congo ya wakati wa Wabelgiji. Na hapa nilicheka mwenyewe, maana nayo ilitengenezwa kule kule Philadelphia, mwaka ule ule 1943, wakati Ubelgiji ulikuwa chini ya Wajerumani. Ila shaba yake ilichanganywa na zinki kwa kusudi, si kwa kosa, na walitengeneza milioni 25. Wanaokusanya franga za zamani wanaitafuta, ndiyo, na mara nyingi wanailipa dola chache tu. Muntu wa mujini alichukua habari mbili, akazishona nguo moja.

Mwenye franga anaweza kujaribu mwenyewe nyumbani. Vunja spika ya redio iliyokufa, toa sumaku. Senti ya chuma ya 1943 inarukia sumaku; ile ya shaba haishikwi hata kidogo. Wadanganyifu wanapaka shaba juu ya senti ya chuma: macho yanakubali, sumaku inakataa. Wengine wana akili zaidi. Wanatwaa senti ya mwaka 1948, ya shaba kweli, wanakwangua upande wa ile 8 mpaka inafanana na 3. Pale sumaku haisaidii kitu. Inafaa kuangalia mukia wa 3 kwa kioo cha kukuza, maana ile ya kweli inashuka chini kupita tarakimu zingine. Mizani pia inasema: ya chuma ni gramu 2,7, ya shaba gramu 3,1. Na ninyi mama, ninawaomba: musisugue franga ya zamani kwa muchanga na limau. Itangaa, lakini wanunuzi wa vitu hivi wanapenda uchafu wake wa zamani, na bei itashuka.

Kijana alikuwa na neno la pili. Yeye na wenzake watatu wanataka kuungana wanunue mashini ya kutafuta chuma chini ya udongo, wapite nayo katika kambi za zamani za wafanyakazi. Mashini ile, ndani ya sahani yake muko nyuzi za shaba zinazopita umeme wa kugeuka-geuka. Ule umeme unaamsha umeme mudogo ndani ya kila chuma kilicho karibu, na mashini inasikia jibu, inalia. Kazi nzuri. Lakini hapa kwetu udongo wenyewe uko na madini, na juu yake miaka mia ya misumari, vizibo vya bia na takataka za viwanda. Italia asubuhi mpaka magaribi! Na kule kaskazini ya Katanga na pahali pengine palipopita vita, kinacholia kinaweza kuwa bomu. Pale hakuna kuchimba wala kugusa. Weka alama kwa mbali, ita wakubwa.

Niliwaeleza habari ya Eric Lawes wa Uingereza. Tarehe 16 Novemba 1992, pale Hoxne, alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake mulimaji iliyopotea shambani. Mashini ikalia, akakuta vijiko vya feza na franga za zahabu za Waroma. Hakumaliza shimo. Aliacha, akaita wakubwa, na wataalamu wakachimba pole pole. Walihesabu franga 14.865. Alilipwa pauni 1.750.000, akagawana na mulimaji. Nyundo nayo ilipatikana, iko katika British Museum kule London.

Sababu gani kuacha shimo? Angalieni kwetu. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimba mwaka 1957, wakakuta misalaba ya shaba ndani ya makaburi. Katika makaburi ya zamani zaidi ilikuwa mikubwa, na katika yale ya nyuma midogo yenye kulingana, mingine karibu na mikono ya marehemu. Kwa kuona ule udogo na pahali ilipolala, walifahamu kwamba mababu walikuwa wanaitumia sawa feza. Kama kijana mwenye mashini angepita mbele yao na gunia, tungebakia na kilo chache za shaba. Na yale ni makaburi ya watu.

Juma lililofuata kijana alirudi. Alikuwa ameambia yule muntu wa mujini aje nyumbani, wajaribu franga kwa sumaku na mizani mbele ya baba yake, kisha watasema juu ya zile 50. Yule alisema atakuja siku ya tano. Hakuja, na simu yake haiitiki tena. Dola 35 zimelipa minerval ya dada yake. Kambo naye ameomba franga yake. Anasema ni bei ya mukate siku aliyooleka, na anaifunga tena katika kitambaa chake.